Maandishi hayafuati nukta yake kwenye chati ya Excel

Swali
Wakuu, nina chati ya mstari ya miezi 24. Juu ya kilele, mwezi wa 9, nimeweka kisanduku cha maandishi chenye mshale. Nikiongeza mwezi mpya mstari unabanwa, mshale unaelekea mwezi mwingine. Nikihamisha chati, kisanduku kinabaki nyuma. Nifanyeje?

Jibu la 1
Kisanduku kinabaki nyuma kwa sababu ulikiingiza bila kuchagua chati kwanza, kwa hiyo kimekaa juu ya karatasi. Kikate (Ctrl+X), bofya ukingo wa chati, bandika (Ctrl+V). Kitahama nayo.

Ila nukta bado hakitaifuata, maana nafasi yake inapimwa kwa fremu ya chati tu. Kinachofuata nukta ni lebo ya data. Bofya mstari, tulia kidogo, bofya nukta ya kilele; bofya kulia, ongeza lebo. Chagua lebo hiyo kwa mibofyo miwili ya polepole, andika = kwenye upau wa fomula, bofya seli yenye maelezo, Enter. Upau huo unakubali rejeleo la seli pekee, hivyo fomula iandike kwenye seli yenyewe:

="Kilele: "&TEXT(B10,"#,##0")

(B10 ni seli yenye thamani ya mwezi wa 9.)

Jibu la 2
Sahihi, lakini lebo hiyo imefungwa kwenye nukta ya 9. Kilele kikihamia mwezi wa 25, lebo haitahama. Tengeneza mfululizo msaidizi (seti ya pili ya data) kwenye safu C, ubakize thamani ya kilele tu na kwingine NA(), yaani kosa la #N/A:

=IF(B2=MAX(B:B),B2,NA())

Uingize kwenye chati, ufute mstari wake, ubakize alama. Kisha lebo zake zichukue maandishi kutoka seli za safu D, utakakoandika maelezo (kuanzia Excel 2013, toleo la 2010 litaonyesha [CELLRANGE]). Usiweke "" badala ya NA(): Excel huichora kama sifuri, nukta zote zinaanguka chini. Miezi miwili ikilingana kileleni, utapata lebo mbili.

Muulizaji
Imekubali, asanteni sana! Sasa lebo imelalia mstari.

Jibu la 2
Chagua nafasi ya juu. Isipotosha, iburute, Excel hutunza umbali kutoka kwenye nukta, kwa hiyo itaendelea kuifuata. Ikigusa ukingo wa juu, ongeza kikomo cha mhimili wima, ila ukikiandika kwa mkono hakitapanda chenyewe data ikikua.