Uvungu asilimia 8, mbona mwamba huu hautoi gesi?

Mchanga_Kiwira: Wakuu, shikamooni. Naandika kutoka Mbeya. Nina vipande vya mwamba wa mchanga wa Karoo (matabaka ya kale yenye makaa ya mawe), vimetolewa kwenye korongo upande wa Kiwira. Uvungu (sehemu ya mwamba iliyo vitundu) kwa heliamu ni asilimia 8, upitishaji (urahisi wa gesi kupita) kwa naitrojeni ni milidarsi 0.3. Kwa namba hizi gesi ingepita bila shida, ila vitabu vinasema miamba ya aina hii hupitisha gesi kwa shida sana. Nimekosea wapi? Vilikaushwa kwenye oveni nyuzi 105 na vilipimwa bila kubanwa.

Zebaki60: Marahaba. Umekosea mahali patatu, na kote namba imekuzwa.

Kipande cha korongoni kimeshanyeshewa miaka mingi. Feldspa, madini yaliyomo kwenye mchanga huo, imeyeyuka, imeacha vitundu ambavyo kule chini havipo. Tafuta kori ya kisima, yaani kipande cha mwamba kilichochimbuliwa kutoka chini.

Joto nalo. Ilaiti, aina ya madini ya udongo, huota kwenye vitundu kama nywele. Ukiikausha kwa nyuzi 105 nywele zinalala ukutani na njia inafunguka kwa uongo. Weka nyuzi 60, unyevu wa hewa asilimia 40 hadi 45, pima uzito kila siku mpaka usibadilike.

Kubwa zaidi ni kubana. Kwenye mita 3000 mzigo wa miamba ni kama megapaskali 69; toa shinikizo la gesi, tuseme 30, zinabaki 39. Pima kwa hizo 39. Shingo za vitundu, yaani vijia vyembamba vinavyoviunganisha, ni bapa kama ufa wa mlango: zikiminywa, uvungu unapungua kidogo tu, lakini upitishaji unaweza kushuka mara kumi au zaidi.

Mwamba_Mbeya: Naongezea: naitrojeni ya shinikizo dogo huteleza kwenye kuta za shingo nyembamba, ndiyo maana usomaji unapanda. Pima kwa shinikizo nne tofauti, chora upitishaji dhidi ya 1 gawanya kwa shinikizo la wastani, kisha refusha mstari hadi pale hiyo 1 gawanya kwa shinikizo inapofika sifuri. Hapo ndipo namba ya kweli.

Na uvungu usikushughulishe sana. Gesi inakaa kwenye vitundu, lakini kasi inaamuliwa na shingo. Mrija ukipungua kipenyo kwa nusu, mtiririko unabaki 1 ya 16. Ingiza zebaki: ikianza kupenya kwenye megapaskali 15 hivi, shingo ni za kipenyo cha mikromita 0.1. Tumia masalia ya kipande, tena mwishoni, maana zebaki haitoki yote.

Mchanga_Kiwira: Asanteni sana. Na maji ya kupasulia mwamba, yale yanayosukumwa kisimani kwa nguvu ili upasuke utoe gesi, yanaharibu nini?

Zebaki60: Hilo ndilo linaloua visima vingi. Chukua lile jiwe jepesi la Rungwe, pumisi, litupe kwenye ndoo. Linaelea muda mrefu ingawa matundu yake mengi yameungana, kwa sababu maji yanaingia kwenye shingo na kufungia hewa ndani. Ndivyo gesi inavyofungiwa. Shingo ya mikromita 0.1 inashikilia maji kwa takriban megapaskali 2.9 kwenye joto la kawaida. Gesi ikisukuma chini ya hapo haipiti.

Ukivuta gesi kwa nguvu ili uyang'oe maji hayo, shinikizo la ndani linashuka na mzigo wa juu unaziminya shingo zilezile. Kwa hiyo punguza maji tangu mwanzo: pasua kwa povu la naitrojeni, kisha fungua valvu taratibu.