Tupeane uzoefu: programu yako ya kwanza ilipokataa kuelewa ulichoandika kwenye kibodi

Mwalimu wa Jumamosi, Nakuru

Wadau, hamjambo. Kila Jumamosi nafundisha vijana wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, hapa mtaani, na juzi binti mmoja alibaki kitini wenzake wote wakiwa wameshatoka. Programu yake ni ya kujumlisha bei za sokoni: nyanya 80, vitunguu 50. Jibu likaja 8050. Alikuwa amepitia mistari yake mara tatu, sehemu ya kuuliza bei imefanana neno kwa neno na ya kitabu, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Kitabu chenyewe kimepitwa na wakati. Kiliandikwa enzi za Python 2, ambapo input(), amri ya kupokea unachoandika, ilikuwa inakikokotoa, kwa hiyo ukiandika 80 unapata namba. Python 3 ilipotoka mwaka 2008, input() ikawa inakurudishia maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu peke yake. Na maandishi ukiyajumlisha yanaunganishwa tu, 80 na 50 zikawa 8050. Dawa ni int(input()): int() inageuza maandishi kuwa namba. Python 2 iliacha kutunzwa mwaka 2020, lakini vitabu vyake bado viko mikononi mwa watoto wetu, na hilo linaniuma.

Nanyi, kibodi iliwatesa vipi? Semeni na jinsi mlivyotoka.

Jirani wa Kondele

Mwalimu, yangu ni ya lugha ya Java. Nilikuwa natengeneza daftari la wauza samaki wa Dunga: umri, jina, kijiji. Naandika 34, nagonga Enter, na kabla sijagusa kitufe kingine skrini inaonyesha:

Jina: Kijiji:

Maswali mawili kwenye mstari mmoja, alama ya kuandikia inapepesa mbele ya Kijiji. Nikajua kibodi imeharibika. Nikaenda mjini nikanunua nyingine, tatizo likabaki palepale.

Usiku wa pili jamaa mmoja wa chuo akanieleza kitu ambacho natamani ningekijua siku ya kwanza: Enter nayo ni herufi. Inaingia kwenye foleni nyuma ya 34. nextInt(), inayosoma namba tu, inachukua 34 na kuiacha Enter imesimama mlangoni. nextLine() ya jina, inayosoma mstari mzima, ikifika inaikuta, inaona mstari umekwisha, inaondoka na jina tupu. Sasa nasoma kila kitu kwa nextLine(), halafu nageuza namba kwa Integer.parseInt(). Wengine huongeza nextLine() moja ya kufagia baada ya nextInt(). Inafanya kazi, ila ukija kuongeza swali la namba katikati miezi miwili baadaye, ufagio utausahau.

Mkulima wa Kakamega

Mimi nilianza na lugha ya C. Programu iliuliza idadi ya magunia ya mahindi, nikampa mama aijaribu. Akaandika "mbili". Skrini ikaanza kumwaga "Andika namba! Andika namba!" bila kukoma, mama akarudi nyuma akidhani ameharibu mashine. Niliumia, kwa sababu hakuwa na kosa lolote. Mtu akiulizwa idadi ana haki ya kujibu kwa neno.

Kilichotokea ni kwamba scanf("%d"), amri ya kusoma namba, ikikutana na m haiichukui. Inaiacha hapohapo, na kila mzunguko unaikuta ileile. Ctrl+C ndiyo iliyotuokoa. Tangu siku hiyo naangalia scanf imerudisha ngapi, yaani imefanikiwa kusoma namba ngapi. Isiporudisha 1, naondoa herufi moja moja kwa getchar() hadi mwisho wa mstari, ndipo niulize upya, tena kwa upole: "Tafadhali tumia tarakimu, mfano 2."

Mweka hazina, Bungoma

Fupi tu. Namba za simu msizipitishe kwenye int(). Sifuri ya mwanzo inapotea, na orodha nzima ya chama chetu ilibidi niirudie upya.

Dada wa Manyatta, Kisumu

Sina kompyuta, najifunzia kwenye simu. Programu yangu ilikuwa inauliza "Uendelee?" na kungoja "ndiyo". Naandika ndiyo, inakataa. Naandika tena, inakataa. Kwa macho yangu ilikuwa ndiyo ileile.

Nikaambiwa niweke print(repr(jibu)), inayoonyesha maandishi yakiwa ndani ya alama za nukuu, hata nafasi zisizoonekana. Ikatoka hivi:

'Ndiyo '

Hapo nikaona. Kibodi ya simu ilikuwa inaanza na herufi kubwa yenyewe, na nikigusa neno linalopendekezwa inaongeza nafasi mwishoni. Nikaweka jibu.strip().lower() kabla ya kulinganisha, na hadi leo haijanisumbua. Wenzangu wa simu, jaribuni repr kabla hamjafuta kazi yenu na kuanza upya. Mimi nilifuta mara mbili.

Mwalimu wa Jumamosi, Nakuru

Dada, asante sana. Leo nimeipeleka hiyo repr darasani. Sikumwonyesha yule binti int() kabisa, nilimwambia tu achapishe repr ya bei ya nyanya. Ikatoka '80'. Akaziangalia zile alama mbili kwa muda, akaweka kidole juu ya skrini akasema, "Mwalimu, hii imefungwa kama neno." Akarudi kwenye mstari wake, akaufungua kwa int() mwenyewe, akafanya vivyo hivyo kwa vitunguu. 130.