Makaburi ya zamani Bagamoyo: wazee wako wamelala wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikwenda Bagamoyo kumzika shangazi. Baada ya dua wazee wakasema tumzuru na babu, baba yake marehemu, maana kalala makaburi hayohayo. Tukamtafuta karibu nusu saa. Alipozikwa walichomeka kijiti cha mbono kichwani, kikachipua. Leo ipo mibono mitatu imeshikana, na kila mzee ana wake. Baba mkubwa kasimama chini ya huu, baba mdogo chini ya ule, wote wameinua mikono, Fatiha inasomwa pande mbili. Mimi nikasimama katikati.

Wakati wa kurudi nikapitia makaburi ya Wajerumani kule ufukweni. Yapo kama 20, yamezungushiwa ukuta wa mawe, ya maofisa na askari waliokufa miaka ile Abushiri alipoongoza watu wa pwani kupigana nao, na baada yake kidogo. Mtu alikaa Bagamoyo miezi michache, homa ikamchukua, na mpaka leo jina na tarehe yake vinasomeka. Jirani na hapo kuna kumbukumbu ya mahali Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga wenyeji. Hao walionyongwa wamelala wapi, nani wa kumuuliza? Na babu yangu aliyeishi mji huu maisha yake yote anagombewa na miti mitatu.

Wenye visa vya makaburi ya zamani, hasa ya Bagamoyo, karibuni.

Mjukuu wa Kaole

Pole kwa msiba mkuu. Mimi nimekulia Kaole, hapo jirani na Bagamoyo, magofu ya mji wa kale tulikuwa tunayapita tukienda kuokota kuni. Misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mji wa tangu karne ya 13. Yale ya nguzo ndiyo yanayopigwa picha sana. Ukiangalia nguzo vizuri utaona vishimo vya duara: humo zilipachikwa bakuli za Kichina. Siku hizi ni vishimo vitupu, na utotoni mwangu mijusi ndiyo ilikuwa wapangaji.

Ila kaburi lililokuwa na wenyewe ni la Sharifa. Bibi alikuwa akinipa ubani kwenye karatasi na chupa ndogo ya marashi, nimfuate. Akifika anavua viatu, anasalimia kama anavyosalimia mtu aliyekaa barazani, ndipo anaeleza shida yake kwa sauti ya chini. Siku moja nilinyooshea kaburi kidole, nikapigwa kofi la mkono na kuambiwa nikiume hicho kidole haraka kisije kikaoza. Hadi leo nikiongoza wageni pale naelekeza kwa kidevu. Wananiona wa ajabu.

Kwaya ya Misheni

Sisi upande wa misheni tunayo yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja kutoka Zanzibar mwaka 1868, na ukipita kwenye makaburi yao usisome majina tu, piga hesabu ya umri. Wengi walikuwa vijana. Nilikuwa nafagia pale kila Novemba kabla ya sikukuu ya marehemu wote, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kulalamika kuhusu chandarua.

Kichekesho ni watalii wanaouliza kaburi la Livingstone. Alifia mbali huko, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo ukazikwa kulekule chini ya mti, mwili ukakaushwa, watumishi wake, kina Susi na Chuma, wakaubeba mpaka pwani. Februari 1874 ukafika misheni, ukavuka Zanzibar, ukaishia London, Westminster Abbey. Mzee mmoja wa parokiani alikuwa na jibu lake: “Hapa alilala, hakuzikwa.”

Mjukuu wa pagazi

Na waliobeba mizigo yenu je? Baba wa babu yangu alitoka Unyanyembe, huko Tabora, na pembe ya ndovu begani, hakurudi. Wenzake walileta habari kwamba amefia Bagamoyo, basi. Kwetu Tabora tunamtambikia bila kaburi, pombe ya mtama inamwagwa njiani upande wa mashariki. Mwaka 2016 nilifika Bagamoyo kikazi, nikazunguka na kachupa ka maji mkononi nisijue nimwage wapi. Nikamwaga ufukweni. Watoto wakanicheka.

Fundi wa Magomeni

Poleni wote. Nina neno la kiutendaji. Wapo wasiotaka kujengea kaburi kwa sababu ya dini, na mimi sibishani nao. Lakini jiwe la kichwani na la miguuni halina gharama. Msitegemee mti. Sisi tuliandika kabisa kwenye daftari la ukoo: “Mama, hatua 14 kutoka kwenye mwembe mkubwa, kuelekea kibla.” Mwembe ukakatwa mbao. Daftari tunalo.

Mwenye uzi

Ahsanteni wakuu. Fundi, nimekusikia, kijana ameshapeleka mawe mawili kwa shangazi na picha amenitumia. Kuhusu babu, jana nimempigia baba mdogo. Anasema hana shaka hata chembe, kile kijiti alikichomeka kwa mkono wake mwenyewe. Nikampigia baba mkubwa. Naye anasema hivyohivyo.