Tupeane uzoefu: kanisa lenu lilipoingia mtandaoni ilikuwaje?

Mzee wa Kwaya: Bwana asifiwe, wapendwa. Jana kamati yetu imebishana saa tatu nzima kama kanisa liwe na tovuti. Mzee mmoja akauliza, "Paulo alikuwa na tovuti?" Kijana akamjibu kwamba Paulo alikuwa na barua, na zilifika asikofika yeye. Kikao kikavunjika. Mimi niko upande wa kijana. Mliopita njia hii, semeni.

Shemasi Mstaafu: Sisi tulilazimika 2020, korona ilipofunga milango. Simu tuliiegemeza kwenye rundo la vitabu vya nyimbo, wiki ya kwanza kikaonekana kidevu cha mhubiri tu. Lakini wagonjwa walioko majumbani walifurahi mno. Milango ilipofunguliwa tukaacha kurusha, na wale wagonjwa tukawasahau tena. Linaniuma mpaka leo.

Binti Sayuni: Kwetu vilevile.

Katibu Msaidizi: Hapo pa kusahau umenigusa kidonda. Tovuti yetu ilitengenezwa na kijana wa kwaya, bure kabisa. Anwani akaisajili kwa jina lake na baruapepe yake, kisha akahama. Kumbe kila mwaka lazima ilipiwe upya, na ukumbusho ulikuwa unaenda kwenye baruapepe asiyoifungua. Muda ukaisha, wajanja wakaichukua. Sisi hatuna habari, anwani iko mlangoni na kwenye kadi za mwaliko.

Siku ya kuzindua jengo akaja askofu. Mchungaji kwa furaha: "Toeni simu, fungueni tovuti yetu, wimbo upo hapo." Vichwa vikainama. Kimya. Halafu mtoto mmoja akasoma kwa sauti: "Bashiri mechi, ushinde leo!" Kamari, ndugu zangu! Palipokuwa na picha ya madhabahu pana karata. Askofu aliizima simu yake taratibu, akaifunika kwa Biblia. Nilikuwa mstari wa mbele. Nilitamani ardhi inimeze.

Mpiga Ngoma: 😂😂😂 Wangapi walibashiri?

Mama Maombi: Msicheke, hiyo ni kazi ya shetani.

Fundi Waya: Shetani gani, mama? Hamkulipia.

Mama Maombi: Usinidharau, mwanangu. Tangu simu ziingie ibadani watu wanachati wakisingizia Biblia.

Fundi Waya: Na wanaosinzia na Biblia ya karatasi mapajani, nao ni simu?

Msomaji Kimya: Ubishi wa zamani huu. Januari 1921 redio ya KDKA ilirusha ibada kutoka kanisa la Calvary, Pittsburgh, Marekani. Mafundi walivalishwa majoho ya kwaya ili waumini wasishtuke. Mwaka 1931 Vatikani ikapata redio yake, iliyojengwa na Marconi mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa redio. Ila hiyohiyo Vatikani mwaka 2002 ilisema wazi kwamba mtandaoni hakuna sakramenti. Kwa hiyo Mama Maombi asionekane mshamba.

Mama Maombi: Asante. Umesikia, Fundi?

Fundi Waya: Nimesikia majoho. Mimi hata kiti sipewi. Mzee wa Kwaya, sajilini anwani kwa jina la kanisa, paswedi wawe nayo watu watatu.

Mhazini: Watatu wengi! Kwetu waligombana, mmoja akaibadilisha usiku.

Mpiga Ngoma: Achaneni na tovuti, kundi la WhatsApp linatosha.

Shemasi Mstaafu: Mgeni anayetafuta saa ya ibada ataliingiaje kundi lenu? Wekeni saa, mahali na namba ya kupiga. Mahubiri yatafuata.

Binti Sayuni: Na picha za watoto wa shule ya Jumapili msizirushe bila wazazi kukubali.

Mhazini: Ibada ikiisha zimeni maiki kabla ya kuhesabu sadaka. Msiniulize.

Mpiga Ngoma: Tunauliza!!

Binti Sayuni: Katibu, yule kijana mlimpata?

Katibu Msaidizi: Tulimpata. Anatengenezea kanisa jingine tovuti, bure. Nimeshampigia mchungaji wao.