Tupeane uzoefu: jina lako limewahi kutumiwa na mtu mwingine?

Wakuu, habari za jioni. Naona vijana wengi wanadhani kuibiwa utambulisho kumeletwa na simu. Sisi tuliosoma shule za msingi zamani tunajua mtoto alikuwa akifeli darasa la saba, anahamishiwa shule nyingine na kurudia kwa jina la mtoto aliyeacha masomo. Jina hilo ndilo linaingia kwenye cheti, kwenye ajira, mpaka kwenye kadi ya kura, na mwenyewe yuko kijijini analima, hana habari. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania, ule ambao ripoti yake ilitoka Aprili 2017, mnaukumbuka kwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mimi kilichoniuma zaidi ni vile vyeti 1,538 vilivyokutwa vinatumiwa na watu 3,076. Kila cheti hapo kina mwenye haki yake.

Aliyekutwa na haya aeleze. Majina ya kampuni na ofisi tuyaache.

Mdau wa Tabora
Ni dada yangu mkubwa. Alimaliza kidato cha nne miaka ya 90, cheti kikazuiwa shuleni kwa sababu ya deni la ada. Baba alipouza tumbaku na kwenda kulipa, akaambiwa kimeshachukuliwa na "ndugu yake". Ndugu gani, hakuna aliyejua. Dada akaolewa, akaendelea na genge lake la biashara. Miaka mingi baadaye akaomba kazi ya uhudumu wa afya, wakamwambia namba yake ya mtihani tayari ina mtumishi, muuguzi wa mkoa mwingine. Akageuziwa kibao, yeye ndiye akaonekana tapeli! Alihangaika na barua za shule, kiapo cha mahakamani, na mwalimu mstaafu aliyekubali kumtambua. Uhakiki ulipopita yule muuguzi akatoweka kazini. Dada alirudishiwa jina, lakini umri wa kuajiriwa ulikuwa umeshapita. Mpaka leo hataki kusikia mazungumzo ya shule, na sisi hatumlazimishi.

Mama wa Tandika
Pole kwa dada. Yangu ni ya laini. Wakati wa usajili wa alama za vidole, 2019 kuelekea 2020, kijana wa kusajili laini, wale wa miamvuli barabarani, aliniambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Nikaweka tena, na tena. Kumbe kila nikiweka anasajili laini nyingine kwa NIDA yangu, yaani namba ya kitambulisho changu cha taifa. Nilijua polisi waliponipigia kuhusu namba iliyotapeli watu kwa ile meseji ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii".

Fundi, Mwanza
Mimi laini yangu ilizima ghafla mchana. Mtu alikuwa ameirenyuu, yaani kachukua laini mpya ya namba yangu kwa jina langu, akabadili namba ya siri, akasafisha salio na kuchukua mkopo juu yake. Deni nikalilipa mimi.

Binti wa Moshi
Kwa mama yangu walichukua WhatsApp. Matapeli walimwomba tarakimu sita zilizoingia kwa meseji kwenye simu yake, eti "za kumuunga kwenye kikundi cha msiba". Akawapa, maana msiba ni msiba. Saa hiyo hiyo wanakikoba wenzake wakaanza kuombwa hela kwa picha yake na kwa namna yake ile ile ya kuandika, "wanangu wapendwa".

Mwanzisha uzi
Mama wa Tandika, asante, hilo la kidole limewapata wengi. Wote pigeni *106# muone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yenu. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute, na kama imeshatumika kutapeli, chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi mapema ili tarehe ikutetee. Meseji za "tuma kwenye namba hii" zipelekeni kwenye namba 15040. Tangu Mei 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume yake inapokea malalamiko.

Mdau wa Tabora, dada aliwahi kudai fidia?

Mdau wa Tabora
Hapana mkuu. Alituambia, "Nidai kwa nani, na kwa jina la nani?"