Faili la CAD (michoro ya kompyuta): tao lihifadhiwe vipi, na aina ngapi za maumbo zinatosha?

kodi_ntinda:
Wakuu, natengeneza muundo wa faili (JSON, mstari mmoja kwa kila umbo) wa kupeleka michoro ya mageti na grili kwenye mashine ya plazma. Baadaye utabeba pia ramani za viwanja. Kwa sasa nina nukta, mstari, duara, tao, polilaini (vipande vya mistari au matao vilivyoungana), mstatili na splaini (mkunjo laini unaoongozwa na nukta). Tao nimeliandika kwa kitovu, nusukipenyo na pembe mbili zenye desimali 2, kisha nikaongeza ncha zote mbili ili msomaji asihangaike kukokotoa. Shida ni kwamba mashine inakataa baadhi ya mageti ikidai mzunguko wa kukata haujafungwa, na kwenye skrini umefungwa vizuri. Tatizo liko wapi? Na mstatili ustahili aina yake?

chuma_jinja:
Anza na hizo desimali. Geti la upana wa mm 3000 ambalo juu lina tao la kimo cha mm 300 lina nusukipenyo cha mm 3900. Pembe ya desimali 2 inaweza kukosea nyuzi 0.005, na kwa nusukipenyo hicho ncha inahama mm 0.34. Jicho halioni, lakini kama programu ya kukata umeiruhusu kuziba mapengo yasiyozidi mm 0.1, lazima ikatae.

Ukiongeza desimali pengo litapungua, ila ugonjwa utabaki: umeandika kitu kimoja mara mbili. Ncha zinasema hivi, pembe zinasema vile. Programu moja itaamini ncha, nyingine pembe, na faili lile lile litatoa mageti mawili. IGES, muundo wa zamani wa kubadilishana michoro ya CAD, ina udhaifu huu tangu zamani: tao lake, aina 100, ni kitovu na ncha mbili, na hakuna kinacholazimisha ncha hizo ziwe umbali sawa kutoka kitovuni.

Kwa mzunguko wa kukata tumia polilaini ambayo kila kona ina x, y na namba moja ya mbinuko, kama LWPOLYLINE ya DXF, muundo wa faili wa AutoCAD (humo mbinuko una kodi 42). Mbinuko ni tanjenti ya robo ya pembe ya tao. 0 ni mnyoofu, 1 ni nusu duara, hasi ni kuelekea upande wa mishale ya saa. Fundi anaupata kwa futi tu: mara mbili ya kimo, gawa kwa upana. Geti letu ni 2 × 300 / 3000 = 0.2. Kurudi kwenye nusukipenyo: upana × (1 + b²) / (4b), b ikiwa mbinuko; hapa unapata 3900 kamili. Mwisho wa kipande ndio mwanzo wa kinachofuata na umeandikwa mara moja, kwa hiyo pengo halina pa kutokea.

Mstatili uondoe, ni polilaini iliyofungwa. Duara libaki, kwa sababu tundu la boliti linahitaji kitovu chake, na mbinuko mmoja hauwezi kubeba duara zima. Ongeza duaradufu: mtu akivuta duara upande mmoja tu, bila aina hiyo programu italikatakata vipande vya mistari.

ramani_mbarara:
Kwa viwanja, usihifadhi kwa namba za desimali (float) za biti 32. Kampala kwenye UTM (mfumo wa ramani wa mita, uliogawa dunia kwa kanda) kanda 36N, namba ya mashariki ni kama m 453,000, na hapo biti 32 zinaruka sm 3 kwa hatua. Mbarara kwenye 36S, namba ya kaskazini inazidi m 9,900,000, hatua ni mita nzima! Mawe ya mpaka yatahama. Tumia biti 64 na uandike tarakimu 17. Kanda iandikwe kwenye kichwa cha faili, maana Kisoro iko 35S. Kipimo nacho kiwe cha lazima, mm au m. Faili lisilokitaja likataliwe.

kodi_ntinda:
Asanteni sana ndugu zangu. Splaini je? Na mchoro ukigeuzwa kama kwenye kioo, kwa mlango wa kushoto na wa kulia?

chuma_jinja:
Splaini iwe na digrii, vifundo (namba zinazoonyesha vipande vyake vinapoungana), nukta za udhibiti (zinazovuta mkunjo) na uzito wa kila nukta, yaani nguvu yake ya kuvuta. Bila uzito haiwezi kubeba duara kamili. Msomaji ahakikishe vifundo = nukta + digrii + 1, la sivyo akatae umbo hilo palepale.

Kugeuza kwa kioo ndiko kunakoharibu watu wengi. Kwenye polilaini badilisha alama ya x na ya kila mbinuko, basi. Kwenye tao la pembe, ambalo daima husomwa kinyume cha saa, kubadilisha x ya kitovu hakutoshi: pembe mpya ya kuanzia ni 180 toa ya zamani ya kumalizia, na ya kumalizia ni 180 toa ya zamani ya kuanzia. Usipozibadilishana nafasi utapata sehemu ile nyingine ya duara, na plazma itaikata hivyo hivyo.