Wanawake mahabusu waangaliwe akili siku wanapopokelewa, au tusubiri mahakama iseme?

Wadau, kuna mtu kaandika hapa kwamba gereza sio hospitali, mwanamke aliyetupa kichanga chooni ashughulikiwe tu, mambo ya akili ni visingizio vya mawakili. Mi napinga kabisa.

Sheria yetu yenyewe inaijua hii hali. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 199 kinasema mama akiua mwanae wa chini ya miezi 12 huku akili yake imevurugika kwa sababu ya uzazi, anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sasa dada kakamatwa leo, daktari anakuja kumwona baada ya miezi kibao akili imesharudi, hiyo hali ataithibitisha nani?

Niliwahi kwenda na kina mama wa kanisani kupeleka sabuni na pedi kwenye gereza moja la wilaya huku kanda ya ziwa, tukamkuta binti wa watu kajikunyata pembeni, hali chakula, haongei, gauni limelowa kifuani maziwa yanatoka na mtoto hayupo. Wenzake wanasema ana mashetani. Askari wa kike alikuwa anamhurumia kweli ila afanyeje, tabibu mwenyewe ni mmoja na malaria zinamzidi.

Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za 2010, zinataka mwanamke akifika tu gerezani aangaliwe na akili pia, kama ana majeraha ya ukatili, kama yuko kwenye hatari ya kujiua. Akifika tu jamani! Sio mpaka mahakama iamuru apelekwe hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, wakati hospitali ya Bugando hapa hapa Mwanza kuna idara ya magonjwa ya akili.

Mtasema hata uraiani huduma hakuna. Sawa, ila uraiani mama yake angemkimbiza hospitali, au hata kwa mganga, wakati huyu kafungiwa hawezi kujipeleka popote, kwahiyo aliyemfungia ndio ampeleke. Na sisemi waachiwe, kesi ziendelee.

Manesi, mawakili na askari magereza mliomo humu nisaidieni hapa: hayo maswali ya kumwangalia akili siku ya mapokezi, nani amuulize? Mi nasema nesi wa kike kutoka hospitali ya wilaya, na majibu yake yasiende kwa mpelelezi, maana binti akijua yataenda huko hatafungua mdomo.